Kigae cha bomu na risasi ya bunduki, kipi kina kasi zaidi?

Wa alaykumu ssalaam mdogo wangu wa Wete. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na nnaueleza kidogo hapa ili na wenzio wanaosoma wajue nnajibu kitu gani. Umesema hapo barazani kwenu mumebishana siku tatu sasa, mmoja anashikilia kwamba hakuna kitu kinachotembea kuipita risasi ya bunduki, mwengine anasema vigae vya bomu, yaani vile vipande vinavyoruka bomu likipasuka, vinaipita mbali, na wewe umekaa kati hujui umuunge mkono nani. Ukauliza tena, ikiwa vigae vina kasi hivyo, kwanini wanajeshi huambiwa walale chini, kulala kutamsaidia nini mtu. Ukataja na babu yako aliekuwa keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Kiingereza, kule Burma, kwamba alikuwa akikwambieni risasi ya kukuua huisikii. Halafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja tu, ukasema ubishi wenyewe umeanzia kwenye kile chuma chenye ncha, urefu wake kama mkono mpaka kiwiko, kilichopanda na nyavu mwezi uliopita, ambacho mumekilaza pale chini ya baraza na watoto wanakikalia, na mmoja wenu anataka kiuzwe kwa fundi wa vyuma chakavu.

Nnaanza na huo mstari wa mwisho kwa sababu umenikosesha usingizi. Watoto waondoke hapo leo hii, sio kesho. Na nyinyi wakubwa pia. Msikinyanyue, msikibiringishe, msikikwangue kutu, msikimwagie mafuta ya taa, wala msikirudishe baharini kwa kudhani ndo mumemaliza kazi. Kiacheni kama kilivyo na watu wakae mbali. Sababu ntakueleza huko chini, maana hesabu za kasi ulizoniuliza ndizo zitakazokuonesha kwanini nnasema hivi.

Haya, sasa ubishi wenu. Alosema vigae vinaipita risasi ndie mwenye haki, lakini haki yake ni ya mita chache tu za mwanzo. Baada ya hapo yule mwengine anashinda. Na hapo ndo pana utamu wake, kwasababu watu wakiuliza kipi kina kasi hutaka jawabu la neno moja, na kwa jambo hili halipo.

Tuzichukue risasi kwanza maana hizo zinajulikana vizuri. Ile bunduki ya AK ambayo kila mtu ameiona japo kwa picha, risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. M16 ya Marekani ina risasi ndogo ya gramu tatu na nusu lakini inatoka kwa mita kama 990 kwa sekunde. Ile bunduki ya zamani ya Kiingereza ya 303, ambayo babu yako bila shaka aliibeba begani, ni mita 744 hivi. Bastola ya milimita 9 ni kama 350 tu. Zipo bunduki za kuwindia ambazo risasi zake zinafika 1200, lakini hizo ni chache na si za vita. Kwaiyo ukisema risasi ya bunduki inatoka kati ya mita 700 na 1000 kwa sekunde utakuwa hujakosea sana.

Vigae vya bomu sasa. Bomu la chuma lenye baruti kali ya kijeshi ndani yake likipasuka, vigae vyake vinaanza safari kwa kasi ya kati ya mita 1000 na 2000 kwa sekunde, na vyengine vinapita hapo. Kombora la mzinga lenye ganda nene vigae vyake huwa upande wa chini wa hesabu hio, bomu la kudondoshwa na ndege lenye ganda jembamba na baruti nyingi huwa upande wa juu. Tuchukue 1800 iwe mfano wetu, ni namba ya upande wa juu lakini ya kawaida tu. Kutoka Unguja mpaka Dar ni kilomita 70 na kitu, boti za kasi zinatuchukua kama saa mbili, basi kigae hicho lau kingeendelea na kasi ile ile bila ya kupungua kingefika Dar kwa sekunde 40. Risasi ya AK ingechukua dakika moja na sekunde 40 na kidogo. Yaani kigae kinaanza na kasi mara mbili na nusu ya risasi. Hata ile mishale ya chuma inayopigwa na vifaru vya kisasa, ambayo ni miongoni mwa vitu vyenye kasi kubwa kabisa vinavyotoka kwenye mtutu wa aina yoyote, inatoka kwa mita 1700 hivi.

Kwanini iwe hivyo? Skiliza, bunduki imetengenezwa na mtu anaetaka ibaki nzima aitumie tena. Baruti ya kwenye risasi haipasuki, inaungua, inaungua haraka sana lakini ni kuungua tu, gesi inajaa nyuma ya risasi inaisukuma mbele kwenye mtutu, na chuma cha bunduki lazima kiweze kuibeba hio nguvu kila siku. Mgandamizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, unafika kama mara elfu tatu na nusu ya hewa tunayopumua, si zaidi sana ya hapo. Baruti ya ndani ya bomu haiungui kwa mtindo huo. Wimbi la mripuko linapita ndani yake kwa kasi ya kutisha, kwa TNT, baruti mashuhuri ya mabomu, ni mita 6900 kwa sekunde, na mgandamizo unafika karibu mara laki mbili ya hewa ya kawaida. Hakuna chuma cha kuzuia hio, ganda linavimba kama puto kisha linachanika vipande, na hivyo vipande vinarushwa vikiwa vishachukua sehemu kubwa ya nguvu yote.

Mtu alieiweka hesabu hii sawa ni mwanafizikia mmoja Muingereza, Ronald Gurney, mwaka 1943, akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la Marekani kule Aberdeen, Maryland. Mtu anaweza kudhani bomu kubwa lina vigae vya kasi kubwa na bomu dogo la mkono lina vigae vya kasi ndogo. Yeye akaonesha kwamba ukubwa si hoja, kinachoamua ni uwiano, baruti kiasi gani kwa chuma kiasi gani. Ndo maana bomu la mkono linaloingia kiganjani linaweza kurusha kigae kwa kasi ile ile ya bomu linalobebwa na ndege. Tofauti yao ni wingi na uzito wa vigae, na hilo la uzito ndo litakalotupeleka mbali zaidi sasa hivi.

Ila niseme hapa kwanza, si kila mripuko uko hivyo. Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash pale Forodhani, vita vile ambavyo kila mgeni akija Unguja husimuliwa kwamba ni vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 hivi, makombora ya zama zile kwa kawaida yalikuwa yanajazwa baruti nyeusi. Baruti nyeusi inaungua, haina lile wimbi la mripuko, kwaiyo ganda lilikuwa likipasuka vipande vichache vikubwa vyenye mwendo mdogo, pengine chini kuliko risasi. Na bado upande wa kasri walikufa na kujeruhiwa watu kama 500 kwa asubuhi moja. Sehemu kubwa ya mabalaa yale ilikuwa ni mbao za jumba, mawe, vioo na moto, maana kitu chochote kikipigwa na mripuko kinageuka kuwa kigae, hakina haja ya kuwa chuma. Hili watu wengi hawalifikirii wanapotaja bomu.

Turudi kwenye mbio zetu. Chukua kokoto na kifuu cha nazi, nenda pwani, virushe vyote viwili kwa nguvu zako zote. Kokoto linakata hewa linakwenda zake, kifuu kinajigeuza geuza na kudondoka karibu. Mkono ni ule ule, kasi ya mwanzo ni ile ile. Hewa hatuioni lakini ni kitu, inasukumwa pembeni na inarudisha msukumo, na ukiongeza kasi mara mbili yenyewe inakurudisha kwa nguvu mara nne. Mtu wa mwanzo kulipima jambo hili kwa risasi kwa uhakika ni Benjamin Robins, Muingereza, mwaka 1742. Alining'iniza gogo zito la mbao akalipiga kwa risasi ya gobore, akatazama gogo linabembea umbali gani, kisha akaipiga tena kutoka mbali zaidi. Akakuta hewa inaila kasi ya risasi ya duara kuliko wanavyuoni wengi wa zama zake walivyodhani.

Sasa risasi ya kisasa imechongwa kwa ajili ya kushinda hewa. Ni ndefu, ina ncha, ndani ya mtutu mna michirizi inayoizungusha kama pia ya watoto ili isipinduke njiani, na ndani yake mara nyingi mna risasi kweli kweli, yaani lile madini zito. Kigae cha bomu hakina hata kimoja katika hivyo. Ni kipande cha chuma kilichochanika, kina kona na meno, kinajigeuza hewani kama kile kifuu. Kigae cha gramu moja kina uso unaopambana na hewa karibu sawa na wa risasi ya AK, lakini uzito wake ni moja ya nane na umbo lake hewa inalichukia mara nne zaidi. Zidisha hapo, utaona hewa inakionea mara thelathini na kitu kuliko inavyoionea risasi.

Hesabu inatoka hivi, na ni makadirio lakini ni makadirio mazuri. Kigae cha gramu moja cha bapa bapa na kona kinapoteza nusu ya kasi yake kila mita 25. Kimeanza na 1800, kwenye mita 25 kina 900, kwenye mita 50 kina 450. Risasi ya AK kwenye hizo mita 50 bado ina zaidi ya 650, na hata ikifika mita 300 bado ina mia nne na kitu. Basi wakikimbizwa pamoja kutoka mstari mmoja, kigae kinaongoza vibaya sana mwanzo, na wanakuwa sawa kwa mwendo kwenye mita kama 35. Ndo umbali wa kutoka mlango wa msikiti wa mtaani mpaka nyumba ya tatu au ya nne. Hapo ndo mahala pa kusuluhishia ubishi wenu, ndani ya mita 35 ameshinda rafiki yako wa vigae, nje ya hapo ameshinda rafiki yako wa bunduki.

Lakini usimwambie hivyo halafu ukanyamaza, maana atakuelewa vibaya. Nimesema kigae cha gramu moja. Bomu halikatiki sawa sawa kama mkate wa mofa, linatoa maelfu ya vigae, vingi ni vidogo kama punje za mtama na baadhi ni vikubwa kama kidole au zaidi. Na kitu kikiwa kizito hewa inakishindwa. Kigae cha gramu 30 kinahitaji mita 75 au 80 kupoteza nusu ya kasi yake, sio 25. Kikianza na 1800, kwenye mita 150 kitakuwa na 450 hivi, na pale pale nguvu yake ya kupiga ni kubwa kuliko ya risasi ya AK ikiwa ndo kwanza inatoka mtutuni. Umbali wa mita 150 ni kiwanja kizima na nusu cha mpira. Na bomu kubwa la ndege vigae vyake vizito vinaweza kuruka zaidi ya nusu kilomita. Kwaiyo vigae vidogo vinachoka haraka, na vikubwa ni vichache lakini vinakwenda. Mtu alosimama mbali hajui yeye ataangukiwa na kipi.

Hapa pia niseme kuhusu hilo la nguvu, kwasababu watu wakisikia kasi kubwa wanadhani ndo kila kitu. Nguvu ya kupiga ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Kile kigae cha gramu moja kwa 1800 kina juli (kipimo cha nguvu hio) kama 1600, risasi ya AK inapotoka ina kama 2000. Unaona, kimoja kina mwendo mara mbili na nusu na bado hakijaifikia risasi kwa nguvu. Kisha kwenye mita 50 kigae chetu kimebakiwa na juli mia moja tu, wakati risasi bado ina zaidi ya 1700. Ndo sababu kofia za chuma zilipoletwa kwenye vita vya kwanza vya dunia mwaka 1915, Wafaransa wakaanza na Waingereza wakafuata, zilikuwa zinaokoa watu wengi ingawa risasi ya bunduki ilikuwa inazitoboa. Hazikukusudiwa risasi. Zilikusudiwa vigae vilivyokwisha kuchoka, navyo ndivyo vilivyokuwa vikimwagika kutoka juu mchana na usiku. Katika vita vikubwa vya karne iliopita waliojeruhiwa na vigae ni wengi kuliko waliojeruhiwa na risasi, kwasababu askari mmoja anakupiga risasi moja moja na anaweza kukukosa, bomu linarusha maelfu kila upande kwa pigo moja wala halimlengi mtu.

Na babu yako, Mungu amrehemu kama ameshatangulia, alisema kweli. Sauti inakwenda mita 350 hivi kwa sekunde kwenye joto letu hili. Risasi ya bunduki inakwenda mara mbili ya hapo au zaidi, kwaiyo inafika kabla ya mlio wake. Ulopigiwa ikakukosa unasikia kwanza pa! kali, hio ni risasi yenyewe inapasua hewa pembeni yako, halafu ndo unasikia du! ya bunduki kule ilipo, na makeya waliokuwa wazoefu walikuwa wanajua umbali wa adui kwa kusikiliza nafasi baina ya mlio wa mwanzo na wa pili.

Kwa bomu mbio zake ni za ajabu zaidi na mimi kila nikizisomesha darasani nnaona wanafunzi wanakaa kimya. Wanaokimbia ni wawili, wimbi la mshindo na kigae. Mwanzo kabisa, karibu na bomu, wimbi la mshindo linaongoza. Lakini wimbi linapotanuka linakonda, na kasi yake inashuka haraka mpaka kuwa sauti ya kawaida, hapo kigae kinalipita na kutangulia peke yake. Kigae chetu cha gramu moja kinafika mita 50 kwa sekunde 0.06, sauti inahitaji karibu sekunde 0.14. Kisha kigae nacho kinachoka, kinashuka chini ya kasi ya sauti, na kwenye mita mia na kitu hivi sauti inakikuta tena na kukipita. Kwaiyo mtu alieko mita 50 kigae kinamfikia kabla hajasikia kitu, alieko mita 200 husikia kishindo kwanza halafu ndo vigae vidogo vinaanza kuanguka kwenye mabati. Wote wawili watakusimulia bomu moja na watabishana, na wote wamesema kweli.

Hapo ndo kwenye suala lako la kulala. Mwili wa binaadamu unahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kuanza tu kuitikia kitu, sijasema kumaliza kulala, kuanza. Kigae cha mita 50 kimeshafika mara tatu. Kwaiyo kulala hakukukingi na bomu ulokwisha kuliona mwako wake kwa karibu, na wale wa kwenye muvi wanaokimbia mbele ya mripuko wakaruka wakaokoka ni uongo mtupu, na nnachukia kwa sababu watoto wanaujifunza. Kulala kunakukinga na bomu la pili. Na kunakukinga na lile lenye sauti, kwa mfano mota, mzinga mfupi unaorusha juu, ambao kombora lake linashuka kwa mwendo chini ya sauti na unaweza kulisikia linakuja. Bomu likipasukia juu ya ardhi vigae vinatawanyika pembeni na kwenda juu kidogo kidogo, mtu alosimama ni kama mlango mzima, alolala ni kama kizingiti. Akipata na mtaro au tuta ndo bora zaidi. Ukuta wa mawe kama zile nyumba za zamani za Mji Mkongwe, unene karibu nusu mita, unakinga vizuri sana, bati na makuti havikingi chochote, na kaa mbali na kioo.

Kitu kimoja zaidi kwa sababu nyinyi ni watu wa bahari. Msije mkadhani ndani ya maji ni salama kwa vile vigae haviendi. Kweli haviendi, maji ni mazito kuliko hewa mara mia nane, kigae kinakufa mwendo hapo hapo. Lakini lile wimbi la mshindo ndani ya maji halikondi kama hewani, linakwenda mbali na linapiga kila chenye hewa ndani yake. Ndo maana wanaopiga samaki kwa baruti wanaona samaki mzima kwa nje na ndani kibofu chake cha hewa kimepasuka, na mapafu na matumbo ya mtu alopiga mbizi karibu yanafanywa hivyo hivyo. Ni marufuku kwa sheria na ni dhulma kwa matumbawe yetu, na mtu akiifanya jirani yenu msiingie majini.

Sasa hicho chuma chenu. Bahari yetu hii imepigana vita, watu wamesahau. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka kwenye delta ya Rufiji ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga hapa bandarini Unguja inatengenezwa, ikaipiga kwa mizinga ya sentimita 10.5 kutoka masafa ambayo mizinga ya Pegasus haifiki. Walikufa mabaharia 38, na makaburi yapo kisiwa cha Chapwani mpaka leo, ukipita na mashua unaweza kuyatazama. Sisemi chuma chenu ni cha siku ile, siwezi kukijua kwa maelezo ya mstari mmoja, nnasema tu kwamba kombora lisilopasuka chini ya bahari si hadithi.

Na usijipe moyo kwamba ni kizee kimelala majini miaka mingi kwaiyo kimekufa. Chuma kinakula kutu, kweli. Baruti ya kijeshi haili kutu. TNT haiyeyuki kwenye maji ya bahari kwa maana ya kuisha, na baadhi ya baruti za zamani, zile za asidi ya pikriki zilizotumika sana zama za vita vya kwanza, zikikutana na chuma kwa miaka zinazaa chumvi zinazoweza kupasuka kwa kugongwa au kusuguliwa tu. Yaani jinsi kinavyozeeka ndo kinazidi kuwa hakiaminiki. Kule bara wenzetu wamelijua hili kwa machungu. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yaliripuka na kila mara walifariki watu zaidi ya 20. Makombora mazima yalirushwa kilomita kadhaa yakaangukia majumbani bila kupasuka. Hayo hayakwenda kwa kasi ya kigae wala ya risasi, yalirushwa tu kama mawe, na yale yaliyobaki mazima kwenye viambaza na mashamba ndo yaliyowaweka watu roho juu kwa siku nyingi, kwasababu kila moja lilikuwa limebeba ndani yake hizo 1800 nilizokuhesabia.

Sasa rudisha hesabu barazani kwako. Umesema chuma kina urefu kama mkono mpaka kiwiko. Watoto wamekaa juu yake, tuseme wazee wamekaa mita mbili, duka liko mita kumi, madrasa iko mita arubaini. Hapo hakuna hata mmoja alieko mahali ambapo kigae kimeshachoka. Na matofali ya baraza lenyewe yatageuka vigae, kama mbao za kasri zilivyogeuka.

Kwaiyo fanya hivi. Toa watu wote mpaka mita mia tatu, na wakae nyuma ya kuta, wasisimame wazi kutazama. Mmoja wenu aende kwa sheha wa shehia yenu, mmoja aende kituo cha polisi au apige 112, museme kuna kitu kinachofanana na kombora kimepanda na nyavu, museme kiko wapi khasa na kina ukubwa gani. Polisi watawaita wanajeshi wenye kazi hio. Kama mnataka picha ipigeni kwa mbali na msirudi karibu kwa ajili hio. Mkikuta mtu ameshajeruhiwa na kigae, kile kilichozama mwilini kisichomolewe, bonyezeni pembeni kwa kitambaa safi damu isimame na mkimbizeni hospitali. Na huyo alosema anajua fundi wa vyuma chakavu Chake Chake atakinunua kwa kilo, mzuie hata kwa ugomvi, maana mtu akikitia kwenye gari ya ng'ombe na ile barabara yenu yenye mashimo sijui nianze kuhesabu mita kutoka wapi.

Nijibu usiku huu huu unambie watoto wamelala wapi.